Diski ya Akiba Haikuwa Tupu



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu, naomba juma hili mniruhusu niyaweke kando mas'ala ya twahara na mirathi niliyozoea kuwaandikia, niwasimulie jambo lililopita nyumbani kwangu baina yangu, binti yangu na kompyuta kuukuu iliyo juu ya meza ya chumba cha wageni. Ni kisa cha kuweka mfumo endeshi wa pili katika diski ya akiba. Huenda baadhi yenu mkasema hayo si maudhui ya sheikh. Nawaomba subira. Kilichonipeleka huko ni mas'ala ya halali na haramu, na nilipofika huko nusura niipoteze amana ambayo sikujua kuwa ninayo.

Kisa kilianza madrasani. Jioni moja baada ya Alasiri nilikuwa nikiwasomesha watoto mlango wa haki za watu, kwamba mali ya mtu haiwi halali kwa mwenziwe ila kwa ridhaa yake mwenyewe. Kijana wa miaka kama 12 akanyanyua mkono, akauliza: "Maalim, na programu ya kompyuta iliyofunguliwa na fundi bila ya kulipiwa, nayo ni mali ya mtu?"

Nikamjibu bila ya kusita kwamba ndiyo. Nikamtajia kuwa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Desemba 1988, ilipitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Nikaongeza kuwa hata sheria ya nchi yetu, ile ya hakimiliki ya mwaka 2001, imezitaja programu za kompyuta katika orodha moja na vitabu, mihadhara na hotuba za dini, zote zikihesabiwa kuwa ni kazi za maandishi zenye mwenyewe. Kijana akaridhika. Jibu lilikuwa sahihi na dalili zake zilikuwa timamu.

Usiku ule nikawasha kompyuta niandike hotuba ya Ijumaa. Chini ya skrini, upande wa kulia, palikuwa na maneno hafifu yaliyokaa hapo miezi mingi, yakinitaka niithibitishe nakala yangu ya Windows. Nilikuwa nimeyazoea hata macho yangu hayayaoni tena. Kompyuta ile niliinunua mtumba miaka 7 iliyopita, na fundi aliyeniuzia alinieleza kwa fahari kwamba amekwisha nifungulia kila kitu. Sikumuuliza amefungua kwa njia gani. Kwa kweli nilijua, na nilichagua kutouliza. Hotuba zangu za amana, za riziki ya halali, za haki ya jirani, zote niliziandika humo.

Sikuandika kitu usiku ule. Nilizima kompyuta nikaenda kulala, na usingizi haukuja.

Asubuhi nilimweleza binti yangu wa pili, anayesomea mambo hayo katika chuo cha ufundi. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema: "Baba, mimi nimeyaona maneno yale tangu zamani. Nilikuwa naona haya kukwambia." Nawaachia wazazi wenzangu sentensi hiyo waitafakari. Mtoto alikuwa akinitazama nikisomesha jambo na kutenda jingine, na adabu niliyomfunza ndiyo iliyomfunga mdomo.

Tukakaa kutazama njia za kutokea. Ya kwanza ilikuwa kununua leseni ya Windows 10 niliyokuwa nikiitumia. Lakini msaada wa kawaida wa toleo hilo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yetu ni ya zamani mno, haikidhi masharti ya Windows 11. Kununua kompyuta mpya hakukuwamo katika uwezo wetu mwaka huu. Njia ya pili, akasema, ni kuweka mfumo ambao wenyewe wametoa ruhusa kwa kila mtu autumie, auchunguze, aurekebishe na amgawie jirani yake. Alikusudia Linux, na hasa ile aina iitwayo Ubuntu.

Nilimtaka anieleze asili yake, kwani mtu wa elimu yetu hapokei kitu kabla ya kujua kimetoka kwa nani. Akanambia kwamba mwaka 1983 Mmarekani aitwaye Richard Stallman alitangaza mradi wa kutengeneza mfumo usiofungiwa watu, akauita GNU. Mwaka 1991 kijana wa Kifini, Linus Torvalds, naye wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux. Viwili hivyo vikaunganishwa, na maelfu ya watu wakaendelea kuviongezea kazi zao. Ubuntu yenyewe ilitoka kwa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 2004, na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni mtu wa Afrika ya Kusini. Jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa lenye asili moja na neno letu "utu". Nilifurahi kusikia hivyo. Ndugu zetu wa kusini wamesema ubuntu, sisi tumesema utu, na shina ni lile lile la mtu na watu.

Kilichonituliza zaidi ni sharti la leseni inayokilinda kile kiini pamoja na sehemu kubwa ya kazi ya GNU: anayekirekebisha kisha akakitoa kwa wengine ni lazima akitoe kwa ruhusa ile ile aliyokipokelea. Hawezi kukizungushia ukuta kikawa chake peke yake. Sisemi kwamba huo ni wakfu kwa maana ya kisharia, maana wakfu una nguzo zake. Lakini mtu wa Pwani aliyekulia karibu na kisima cha msikiti hahitaji maelezo marefu. Unakunywa, unawachotea wa nyumbani, na huna haki ya kumfungia mwenzio ndoo.

Mbona basi sikuufuta mfumo wa zamani siku ile ile? Hapa nakiri udhaifu wangu. Nilikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni al-Maktaba al-Shamila, ile hazina ya vitabu vya Kiarabu inayotumiwa na masheikh na wanafunzi duniani kote, na ambayo programu yake niliyoizoea imetengenezewa Windows. Ya pili ni hesabu za mama watoto, anayeuza mikate ya sinia, vibibi na keki za harusi, na madeni ya wateja wake yote yamo humo. Nilichelea kuvunja nyumba tunayokaa kabla ya kujua kama ile mpya inavuja. Binti akasema kompyuta yetu ina diski mbili. Ya kwanza ndiyo yenye Windows na kazi zetu. Ya pili ni ya akiba, ya gigabaiti 500, iliyotoka katika kompyuta ya marehemu ndugu yangu, na hatukuwa tukiitumia. Mfumo mpya ungewekwa humo, wa zamani ubaki mahali pake kwa muda, tuhamishe vitu kimoja kimoja. Nikakubali kwa sharti la miezi 2, isizidi hata siku moja.

Alipakua faili la Ubuntu, kubwa kiasi cha gigabaiti 6, akaliandika katika flashi kwa programu maalumu, maana kulinakili tu kama faili la kawaida hakutoshi kuifanya kompyuta iwake kutoka kwayo. Jumamosi baada ya Alasiri tukaizima kompyuta, tukachomoa waya wa umeme, tukafungua ubavu wake. Kabla ya yote akachomoa waya za ile diski ya kwanza. "Hii yenye mali yetu tuitenge kabisa," alisema, "ili hata tukikosea, isiwepo ya kufutwa." Nikakikumbuka kisa mashuhuri cha yule bedui na ngamia wake, aliyefunzwa amfunge kwanza kisha ndipo ategemee, nikamwombea dua moyoni.

Tukaiwasha kwa flashi. Ubuntu inakupa nafasi ya kuijaribu bila ya kuiweka. Inafanya kazi kutoka kwenye flashi na haigusi kitu katika diski mpaka wewe uamue. Baada ya kuijaribu, binti alifika kwenye ukurasa wa kuchagua diski ifutwe yote na mfumo uwekwe. Mkono wake ukasimama.

"Baba, una hakika hamna kitu humu?"

Nikamwambia nina hakika. Nilikuwa nimeifungua mara nyingi katika Windows na haikuwa na kitu. Akauliza tena, nikajibu tena. Mara ya tatu nilipandisha sauti, maana Magharibi ilikuwa inakaribia na mimi ndiye niliyengojwa kusalisha: "Mwanangu, ni tupu. Bonyeza tumalize."

Hakubonyeza. Akasema kwa upole: "Sawa Baba, lakini hesabu haitimii. Juu ya diski imeandikwa 500. Hata tukitoa tofauti baina ya hesabu ya kiwanda na hesabu ya kompyuta, ilipasa ionekane kama 465. Jana Windows ilituonyesha 365. Ziko wapi 100?"

Ndugu msomaji, mimi nasomesha mirathi. Miaka zaidi ya 20 nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mali ya marehemu haigawanywi kabla ya kuhesabiwa yote, kilichoonekana na kilichofichikana. Na hapo nilikuwa nimeketi mbele ya diski ya marehemu ndugu yangu, nikimkemea mtoto aliyekataa kuifuta kabla ya hesabu kutimia.

Akarudi nyuma, akafungua orodha ya diski. Zikatokea sehemu mbili. Moja ilikuwa ile tuliyoijua, na ni kweli ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa ya gigabaiti 100, na jina lake "KAZI". Alinieleza baadaye kwamba Windows huipa kila sehemu ya diski herufi yake, na sehemu isiyopewa herufi haionekani pale mtu anapofungua folda zake. Ipo, imejaa, wala huioni. Tukaifungua. Ndani mlikuwa na folda moja: "Darsa za Baba". Na ndani yake mafaili 27 ya sauti.

Marehemu baba yetu alikuwa akidarsisha tafsiri kila Ramadhani baada ya Alasiri, na Ramadhani ya mwaka 1994 mmoja wa wanafunzi wake alimrekodi katika kaseti. Kaseti zile zilikaa kabatini mpaka zikaingia ukungu. Joto na unyevu wa Mombasa mnaujua. Ndugu yangu alizichukua akaahidi kuzihamishia kwenye kompyuta. Kisha akaugua, akafariki, na sisi tukaamini kwamba kazi ile hakuwahi kuifanya. Kaseti zilikwisha tupwa. Kumbe alifanya, zote ila tatu za mwisho, na hakuwahi kumwambia mtu.

Binti akafungua faili la kwanza. Kikohozi kikatangulia, halafu sauti ya feni ya msikiti, halafu sauti ya baba akiwataka watu wasogee mbele. Binti yangu hakuwahi kumsikia babu yake maishani. Alizaliwa baada ya kufa kwake. Mama watoto akatoka jikoni na mikono yenye unga, akasimama mlangoni. Nilichelewa msikitini siku ile, wakasalishwa na mwengine, na sikujutia.

Tulipoikinga diski tuliyoijua thamani yake, tulikuwa karibu kuifuta tuliyoidhani haina thamani. Usiku ule nilimwomba radhi binti yangu kwa sauti niliyompandishia. Aliona haya, akaniomba nisiseme hivyo. Nikamwambia kwamba katika jambo hili yeye ndiye mwalimu, na mwanafunzi akimkosea mwalimu humtaka radhi.

Hatukuweka mfumo siku ile. Kwanza tulinakili darsa zote katika flashi, katika diski ya nje, na nakala nyengine ikapelekwa nyumbani kwa dada yangu Malindi, ili moto au maji yakiingia hapa, kule zibaki. Juma la pili ndipo tukairudia kazi, na haikuchukua hata saa moja. Tukarudisha waya za diski ya kwanza, na kompyuta ikawa na mifumo miwili. Nikiiwasha na kuiacha inakwenda Windows. Nikiwahi kubonyeza F12, hunitokea orodha ya diski, nikachagua Ubuntu.

Siku za mwanzo nilikuwa nikisahau kubonyeza, au nikijisingizia kusahau. Ule mfumo nisio na haki nao ndio uliofunguka wenyewe, bila ya kuamua kitu, na ule wa halali ulitaka nia na kidole kila asubuhi. Baada ya siku 10 nilimwomba binti ageuze mpangilio, Ubuntu itangulie na Windows ndiyo itafutwe kwa kubonyeza. Mengi yalibadilika kwa mabadiliko hayo madogo. Nawashauri wanaotaka kuacha jambo: usiutegemee ushujaa wako wa kila siku, geuza mpangilio.

Palitokea na jambo la kuchekesha. Siku moja intaneti ilikuwa imekatika, nami nimeingia Windows kutafuta hadithi katika Shamila. Saa tisa u nusu za alasiri kompyuta ikapaaza adhana ya Adhuhuri. Mama yangu mzazi, aliyekuwa chumba cha pili, akashtuka akidhani hakusali. Ikabainika kwamba Ubuntu huiweka saa ya ndani ya kompyuta kwa wakati wa dunia, kisha huongeza masaa 3 ya kwetu. Na Windows huichukua saa ile ile kuwa ndio wakati wa mahali ulipo. Kwa hiyo ilikuwa nyuma kwa masaa 3. Hapana aliyekosea baina yao. Ni desturi mbili za kusoma saa moja. Sisi tunaosema saa sita pale wenzetu wanaposema kumi na mbili tulipaswa kuwa wa mwanzo kulifahamu hilo. Binti aliandika amri moja katika Ubuntu, ikakubali kuiweka saa kwa wakati wa mahali, na mama akapata amani.

Miezi 2 haikutimia. Hesabu za mama watoto zilifunguka vizuri katika programu ya LibreOffice, na maandishi yangu ya Kiarabu na irabu zake yalisimama sawa baada ya kuongeza hati zinazofaa. Vitabu vya Shamila nikavisoma kupitia tovuti yao. Siku ya 47 tuliifuta Windows, baada ya kuhesabu kila sehemu ya diski, yenye herufi na isiyo na herufi.

Nilidhani mas'ala yamekwisha. Usiku ule mama watoto akaniuliza: "Na ile miaka 7?" Nikamwambia sasa siitumii tena. Akasema: "Mtu akila mkate wangu miaka 7 bila ya kulipa, kisha akaacha kula, deni limekufa?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu nalijua na nimelisomesha. Masharti ya toba yanapohusu haki ya mtu ni kuirudisha, na mwenye haki akiwa ni kampuni kubwa iliyo mbali, ukubwa wake na umbali wake haviiondoi haki. Kwa hiyo nimeanza kuweka akiba ya bei ya leseni, kidogo kidogo, katika bahasha iliyo ndani ya mtoto wa meza. Itakapotimia nitainunua, nami sitaitumia. Anayelipa deni hadai apewe mkate mwengine.

Ndugu zangu, kama nanyi mna maneno hafifu pembeni mwa skrini mliyoyazoea, nawasihi myasome tena. Na mtakapotaka kuhama, kwanza nakilini kazi zenu mahali zaidi ya pamoja, tengeni diski msiyotaka iguswe, na msifute kitu mpaka hesabu itimie. Mkiwa na mtoto anayeuliza mara tatu, msimharakishe.

Darsa za marehemu baba tunazisikiliza hapa nyumbani kila Alkhamisi baada ya Isha. Tumefika ya 9. Mwenye kaseti za siku tatu za mwisho za Ramadhani ile, hata zikiwa zimeingia ukungu, tafadhali anifikie msikitini.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.